Upole Uliopita Kiasi katika Kumwondoa Bi. Hazel Orme Mferejini

Boti "Unyoofu",
Gati la Fennimore, jirani na Daraja Namba 61,
Mfereji wa Ardle,
Uingereza.

Tarehe 9 Aprili

Kwa Mkurugenzi,
Mamlaka ya Mfereji wa Ardle.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na umekaa, maana ni ndefu. Ni barua yangu ya kumi na saba kwako. Zile kumi na sita zilizotangulia zilijibiwa kwa kadi moja yenye picha ya bata, ikinishukuru kwa kuupenda mfereji wetu. Mimi sikuandika kuhusu mapenzi. Niliandika kuhusu kanuni, na leo naandika tena, kwa heshima zote na kwa wino mweusi kama fomu zenu zinavyotaka.

Kwa faida ya karani wako, ambaye nasikia ni mgeni, naitwa Desmond Pargeter, nina miaka sabini na minne. Nilikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni kwa miaka thelathini na minane, na muda wote huo sikumsamehe abiria hata mmoja, akiwemo mzee mmoja ambaye wakati ule alikuwa bado anafikiria kama anipe binti yake au asinipe. Alilipa faini, na binti alinipa. Mimi na marehemu mke wangu Enid tulipostaafu tuliuza nyumba, tukanunua boti, na tangu hapo naishi mferejini kwa amani, isipokuwa kwa jambo moja, nalo linakaa mita kumi kutoka dirishani kwangu.

Jambo hilo ni Bi. Hazel Orme, mwenye miaka sitini na tisa, na boti yake iitwayo "Mdiria". Boti hiyo haina leseni. Haina leseni kwa sababu haina cheti cha usalama, na haina cheti kwa sababu injini na jiko lake la gesi vilianguka kwenye ukaguzi, jambo ambalo halikumshangaza mtu aliyewahi kuiona hiyo injini. Tena, kwa kuwa hana gati la kudumu, kanuni inamtaka ahame kila baada ya siku kumi na nne na afanye safari ya kweli. Safari zake si za kweli, nitalieleza hilo hapo chini. Mahakama ilitoa amri Novemba iliyopita: boti iondolewe majini kwa kreni, ipelekwe yadi, na yeye atafute pengine pa kuishi. Hana pengine. Ile boti ndiyo nyumba yake yote, na nalisema hilo wazi kwa sababu mimi si mtu wa kuficha ukweli hata ukiniharibia hoja. Lakini Novemba ni Novemba na leo ni Aprili, na wakati naandika mstari huu Bi. Hazel anamwagilia maua juu ya paa la boti yake huku akipiga mluzi.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kuhusu maswali ya afisa ustawi.

Nimesoma mwongozo wenu. Unasema kwamba kabla ya kumwondoa mtu asiye na leseni, Mamlaka itamtuma kwanza afisa ustawi ajue kama mtu huyo ni mgonjwa, ni mzee, au hana pa kwenda, ili sheria ifuatwe bila kumuumiza mtu. Maneno mazuri kabisa kwenye karatasi. Huku mferejini maana yake ni Bi. Nerys Prosser, mwanamke mwenye sauti laini na viatu visivyofaa kwa tope, ambaye tangu Novemba amekwenda kwa Bi. Hazel mara tano. Mara ya kwanza alikaa saa nzima. Mara ya pili alileta glavu za sufu. Mara ya tatu alileta keki ya tangawizi, na sikuona mahali popote kwenye mwongozo panapotaja tangawizi.

Maswali yenyewe niliyasikia kwa sababu dirisha langu lilikuwa wazi, na lilikuwa wazi kwa sababu nililifungua. Alimuuliza, "Unalala vizuri, Hazel?" Alimuuliza, "Unakula cha moto angalau mara moja kwa siku?" Halafu akamuuliza, "Una mtu wa kuongea naye huku?"

Bi. Hazel akajibu, "Ninaye huyu mzee wa jirani, kipenzi, ila yeye haongei. Anasoma vifungu."

Wakacheka wote wawili, katika saa za kazi za serikali.

Mheshimiwa, naomba unisikilize vizuri hapa. Mtu asiye na leseni ameulizwa mara tano kama analala vizuri. Mimi nilimzika mke wangu miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Machi, na tangu siku ile hakuna afisa wa Mamlaka aliyegonga boti yangu kuniuliza nalalaje. Silali vizuri, kama unataka kujua. Naamka saa tisa na sina la kufanya ila kusoma mwongozo wenu. Lakini kwa kuwa nafuata kanuni, usingizi wangu haumhusu mtu.

2. Kuhusu mwenendo wa Bw. Threlfall.

Bw. Colin Threlfall ndiye afisa wenu wa kanuni katika sehemu hii. Kazi yake ni kutembea kando ya mfereji, kuandika namba za boti, na kubandika notisi. Mwezi wa Januari alikuja kubandika notisi ya mwisho kwenye boti ya Bi. Hazel. Mvua ilikuwa inanyesha, gundi ikakataa kushika, notisi ikaanguka majini mara mbili. Bi. Hazel akafungua mlango, akamtazama, akamwambia, "Ingia ndani, kipenzi, utapata homa ya mapafu, halafu nani atanifukuza?"

Akaingia. Alikaa dakika arobaini, nilizipima. Alipotoka alikuwa na soksi kavu, kifungo cha koti lake kilichokuwa kinaning'inia kimeshonwa, na notisi ilikuwa imebandikwa ndani ya dirisha ili isilowe, kwa gundi ya Bi. Hazel mwenyewe. Nilimfuata nikamweleza kwamba afisa hapaswi kushonewa vifungo na mtuhumiwa. Alinijibu hivi, nanukuu neno kwa neno: "Mzee Pargeter, nina boti mia mbili na kumi za kuhesabu na nina miguu miwili. Niache nikauke." Naomba jibu hilo liingizwe kwenye faili lake.

3. Kuhusu safari zisizo za kweli, na majirani.

Kwa kuwa injini ya "Mdiria" haiwaki, kila siku ya kumi na nne, saa nne asubuhi, majirani wa boti sita hukusanyika, wakafunga kamba mbele ya boti yake na kuivuta kwa mikono wakitembea kando ya mfereji, kazi ambayo zamani ilifanywa na farasi. Wanaivuta kutoka Daraja 61 hadi Daraja 64. Baada ya siku kumi na nne nyingine wanairudisha. Kanuni inataka safari, haitaki bembea. Nimeandika tarehe zote na nimeziambatisha.

Hapa inabidi nikiri jambo dogo, ili lisije likasemwa na mtu mwingine kwa ubaya. Kati ya Daraja 62 na 63 kuna malango ya maji, yale ya kupandishia na kushushia boti mahali mfereji unapobadilisha kimo. Wewe ni mtu wa ofisini, labda hujui, lakini sisi watu wa mferejini tuna desturi moja ambayo haijaandikwa popote: mtu hasimami kwenye malango mikono mfukoni wakati boti inapita. Hata kama ni boti ya adui yako. Nilikwenda pale kama mtazamaji, nikiwa na daftari. Lango lilipoanza kuwa zito mkono wangu ulilisukuma kabla kichwa changu hakijaarifiwa. Hilo limetokea mara sita. Sasa wamezoea, tena wananipangia. Trish wa boti ya tatu, ambaye zamani aliendesha lori, hupaza sauti, "Desmond, shika la kushoto, wewe una mgongo." Tangu nistaafu hakuna mtu aliyewahi kuusifu mgongo wangu, na naona ni njama.

Naomba mwongozo wa maandishi: je, mlalamikaji anayesukuma lango anahesabiwa kuwa mshirika wa kosa, au anahesabiwa kuwa sehemu ya lango?

4. Kuhusu bata.

Bata wote wamehamia upande wake. Sina la kuongeza katika kipengele hiki.

5. Kuhusu tukio la tarehe 26 Machi.

Hili ndilo lililonifanya ninunue wino mpya. Tarehe hiyo, baada ya miezi minne ya kuulizana hali, Mamlaka hatimaye ilikuja kumwondoa Bi. Hazel. Niliamka mapema, nikanyoa ndevu, nikaweka kiti juu ya boti yangu nione sheria ikifanya kazi. Bi. Hazel alikuwa amekwisha funga vitu vyake kwenye masanduku manane na kuyapanga kwa mstari kwenye nyasi. Hakulia, hakupiga kelele. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la mwisho, amevaa kofia yake nzuri, na mikono ameiweka magotini. Nilimtazama mara moja tu, halafu nikaanza kupanga penseli zangu.

Wakaja wanaume wanne wa kukodi, wenye fulana za njano, na boti ya kuvutia. Walikuwa watu wa kuvuta magari yaliyoharibika barabarani, wakiongozwa na bwana mmoja aitwaye Gaz. Mpango ulikuwa kuivuta "Mdiria" hadi yadi, ambako kreni ilikuwa inasubiri, na ili kufika yadi lazima upite kwenye malango. Mmoja wao alitangulia kwenda kuyaandaa.

Sasa, Mheshimiwa, malango yana vitundu vya kupitishia maji, vya juu na vya chini. Ukifungua vya chini, unafunga vya juu kwanza. Hapa kwetu mtu analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Yule bwana alifungua vyote, kwa kuwa aliona maji yanakwenda vizuri zaidi namna hiyo, akaketi kuvuta sigara. Na maji yalikwenda vizuri kweli. Maji yote ya kipande chetu cha mfereji yalianza kuteremka kwenda chini, na hakuna aliyegundua mpaka boti zilipoanza kulala.

Kufika saa tano kasorobo, boti kumi na moja zilikuwa zimekaa juu ya tope. "Unyoofu" ililala ubavu, nyuzi kumi na nane, nilipima. Mimi na kiti changu tulihamia upande wa pili wa paa bila kukusudia. Vyombo vya Enid, ambavyo sivitumii ila navipangusa, viliteremka kabatini vyote isipokuwa kikombe kimoja. Na "Mdiria" yenyewe, boti iliyosababisha yote haya, ilikwama kwenye tope kuliko zote, haivutiki mbele wala nyuma.

Gaz alisimama ukingoni ameshika kamba, akauliza, "Mbona maji yanaisha?"

Bi. Hazel akasimama kutoka kwenye sanduku lake. "Yanaisha kwa sababu mmeyaruhusu, kipenzi," akasema. Akachukua mkono wake wa chuma wa kuzungushia vile vitundu, akaenda hadi malangoni kwa goti lake bovu, akavifunga vya juu, akavifunga vya chini. Halafu akarudi akawapanga wale wanaume wanne kama walimu wanavyopanga watoto: wewe nenda malango ya kule juu, fungua nusu tu, wewe simama hapa, wewe nitazame mimi nikiinua mkono. Waliteremsha maji kutoka kipande cha juu, kidogo kidogo, kwa muda wa saa tatu. Nilipomkumbusha kwamba hakuna kifungu kinachomruhusu mtu anayefukuzwa kusaidia kufukuzwa kwake mwenyewe, na kwamba alipaswa kukaa pembeni akisubiri, alininyooshea chuma chake. "Desmond," akasema, "shika hiki chuma uache kusoma."

Nilishika. Nalalamikia hilo pia.

Saa nane mchana wale wanaume walikuwa wamekaa kwenye masanduku yake wakila mikate yake yenye jibini, na Gaz alikuwa anamwambia, "Mama, sisi tulidhani ni kama kuvuta gari." Walipomaliza kula waliyarudisha masanduku yote manane ndani ya boti, bila agizo la mtu, wakaondoka. Kwenye fomu waliandika kwamba maji hayakutosha. Sanduku moja, nimeona kwa macho yangu, walilirudisha likiwa limefungwa vizuri kuliko lilivyotoka.

Lakini ubaya wenyewe haujafika. Mwongozo wenu unasema afisa ustawi awepo siku ya kuondolewa. Bi. Nerys alifika saa tano, akakuta watu wa boti kumi na moja wamelala ubavu na nyumba zao. Fomu yake inasema kwamba mtu yeyote ambaye makazi yake hayakaliki, Mamlaka ikiwa imechangia, ni lazima apimwe hali. Basi akaanza kuwapima wote. Alianzia boti ya mwisho kabisa kule darajani, akaja boti kwa boti, akiuliza kila mtu amepata mshtuko au hakupata, ana dawa za kutosha au hana, analala au halali. Mimi nilikuwa boti ya kumi na moja. Nilimwona akija. Niliingia ndani, nikajishikilia kwenye ukuta ambao wakati huo ulikuwa sakafu, nikavaa tai.

Alipofika kwangu maji yalikuwa yamekwisha rudi na "Unyoofu" ilikuwa imesimama wima. Alichungulia dirishani, akatabasamu. "Wewe uko sawa sasa, Bwana Pargeter, si ndiyo?" akasema, na akaenda zake.

Nilisema ndiyo. Nilikaa na ile tai mpaka jioni.

6. Kuhusu hatua ninazopendekeza.

Kutokana na hayo niliyoyaeleza, ni dhahiri kwamba utaratibu wa sasa unamlipa mvunja kanuni kwa keki na kumwadhibu mfuata kanuni kwa ukimya. Nasikia kreni itarudi Jumanne ya tarehe 22 Aprili. Naomba mchague moja kati ya haya yafuatayo, na mnijibu kwa barua, si kwa bata.

(a) Maswali ya hali yafutwe kabisa. Bi. Hazel aondolewe tarehe 22 bila kuulizwa chochote, na watumwe watu wanaojua malango.

(b) Au, kama maswali lazima yabaki, waanze kuulizwa wenye leseni. Kila mwenye leseni katika Mfereji wa Ardle aulizwe mara tatu kama analala vizuri, kabla ya asiye na leseni kuulizwa hata mara moja. Nimepiga hesabu. Tuko elfu moja na mia tisa, na mna afisa mmoja. Kwa saa moja kila mara, wiki ya saa thelathini na tano, bila likizo, kazi hiyo itachukua zaidi ya miaka mitatu, ndipo zamu ya Bi. Hazel ifike, na kwa kuwa haondolewi mtu kabla hajaulizwa, ina maana kwamba hapo katikati hamtaweza kumgusa. Naona wazi kwamba hilo linampendelea. Lakini hesabu ni hesabu, sikuitunga mimi.

(c) Au, kama hilo nalo ni gumu, Mamlaka ianzishe kibali maalumu cha kuvunja kanuni kwa muda, kisichozidi siku kumi na nne kwa mwaka, kwa watu wenye mwenendo mzuri. Mwenye kibali atahesabiwa kuwa hana leseni kwa siku hizo, atabandikiwa notisi, ataogopa kidogo kwa usimamizi, na atatembelewa. Siku ya kumi na tano atarudishiwa leseni yake na kuendelea kuwa raia mwema. Niko tayari kuwa wa kwanza kufanyiwa majaribio. Ratiba yangu ni nyepesi.

Naambatisha daftari la tarehe za safari zisizo za kweli, mchoro wa boti yangu ikiwa imelala, na nakala ya leseni yangu mwenyewe, ili karani wako mgeni aone leseni inapaswa kuonekanaje ikiwa mikononi mwa mtu anayeiheshimu.

Nisalimie wote hapo ofisini: yule dada wa simu anayenisubirisha kwa muziki wa kinanda, yule fundi anayepaka rangi namba za madaraja (mwambie ile 6 ya Daraja 61 imekaa vizuri sasa), na Bw. Threlfall pia, mwambie nimeona kwamba kifungo kingine kinaanza kulegea. Bi. Nerys naye msalimie. Sina ugomvi naye binafsi.

Nabaki kuwa wako katika kanuni, nikisubiri jibu bila papara,

Desmond A. Pargeter

NB. Mheshimiwa, bahasha hii ilikuwa imekwisha fungwa, nami nikiwa nimesahau kuiweka ile nakala ya leseni. Nimeifungua kwa mvuke wa birika kwa sababu ifuatayo.

Leseni hubandikwa dirishani ikitazama nje, ili maafisa waisome wakipita. Mimi nikiwa ndani huona mgongo wake tu, mweupe, na hivyo ndivyo nilivyoizoea. Leo nilipoibandua niende nayo maktaba kutoa nakala, niliisoma upande wa mbele kwa mara ya kwanza. Imekwisha muda wake. Imekwisha tarehe 31 Machi, si ya mwaka huu, ni ya miaka mitatu iliyopita. Nimetafuta cheti cha usalama, nacho kimekwisha mwezi ule ule. Karatasi zote za boti zilikuwa kazi ya Enid. Mimi nilikuwa nasimamia kanuni, yeye alikuwa anazifuata. Alikufa tarehe 11, na kumbe hakuna aliyechukua kazi yake.

Utajiuliza kwa nini Bw. Threlfall hakuliona. Nimejiuliza pia. Nadhani ni kwa sababu ya zile barua kumi na sita. Akifika kwenye boti yangu huvuka kwenda upande wa pili wa mfereji na kutembea haraka.

Nilikwenda kumwambia Bi. Hazel, kwa kuwa mita kumi si mbali na sikuwa na mwingine wa kumwambia. Nilimwonyesha leseni. Hata hakuipokea. "Najua, kipenzi," akasema. "Naisoma kila nikipita, miaka mitatu sasa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, au hakunishtaki, maana angeweza, hasa baada ya yale niliyoyaandika juu yake, ambayo mengine nilimsomea mwenyewe kwa sauti.

"Ningekuambia ungejishtaki siku hiyo hiyo," akasema. "Ndio kwanza ulikuwa umemzika Enid. Nikasema, ngoja huyu mzee apumue kwanza."

Mheshimiwa, nilikaa kwenye ngazi yake kwa muda. Nililia, nakuandikia hilo kwa sababu fomu zenu zinauliza. Yeye aliendelea kumenya viazi, na baadaye aliniwekea sahani.

Sasa basi. Boti yangu haina leseni wala cheti, kwa hiyo mimi ni mkaaji asiye halali, na ombi langu la kibali katika kipengele cha 6 (c) halina kazi tena. Najua sheria inavyokwenda. Inabidi kwanza nipate afisa ustawi, ndipo notisi, ndipo mahakama, ndipo muda wa rufaa. Kwa Bi. Hazel ilichukua mwaka na nusu, na yeye hakuandika hata barua moja. Mimi ninaandika.

Aidha, naiarifu Mamlaka kwamba leo saa nane mchana niliwasha injini, ambayo ni nzima, nikaisogeza "Unyoofu" na kuifunga ubavuni mwa "Mdiria", upande wa nje, kwa mafundo sita. Trish alinisaidia mafundo mawili. Kama mnavyojua, boti mbili zikifungwa ubavu kwa ubavu, ile ya ndani haiwezi kutoka kabla ya ile ya nje, na ile ya nje haiguswi kisheria kabla mwenyewe hajaulizwa maswali yote. Siku ya kumi na nne tutaondoka hivi hivi tulivyo, injini moja boti mbili, tupite Daraja 64 tuendelee mpaka mwisho wa mfereji, kwa sababu kanuni inataka safari ya kweli na sasa tunaweza kuifanya. Fundi wa vyeti atatukuta huko njiani, akague injini ya Bi. Hazel na jiko lake, na langu pia.

Kipengele cha 6 (a) kifutwe. Tarehe 22 msilete kreni. Bi. Nerys ndiye aje, siku yoyote, hata bila miadi. Atakuta boti mbili zimefungwa pamoja. Mwambie, tafadhali, safari hii aanze na ile ya nje.